Mpini kwanza, mtutu baadaye: majibu kwa walenga shabaha

Barua nyingi za safari hii zinahusu bastola ya hewa ya mita 10, na moja ni ya 9 mm. Majibu yanamchukulia mlengaji kuwa anatumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze. Kila panapotajwa kurekebisha kitu, maana yake bastola haina risasi, umehakikisha kwa macho, na mdomo wa mtutu umeelekea upande usio na mtu.

Nataka bastola ya kwanza ya hewa. Nimeona za springi, za gesi ya CO2, za kupampu mara moja na za mtungi wa hewa. Bei zinapishana sana. Nichukue ipi? – Msomaji, Mombasa

Ya springi iache. Pistoni yake inaruka mbele kabla risasi haijatoka mtutuni, kwa hiyo bastola inatikisika mkononi wakati ule ule unaohitaji itulie. Utajifunza kupambana na mtikisiko badala ya kujifunza kulenga.

CO2 kwa joto la Mombasa ni kero. Shinikizo la gesi hiyo hupanda na kushuka na joto, hivyo risasi za asubuhi na za saa nane mchana haziangukii mahali pamoja, na mtungi uliosahaulika ndani ya gari juani ni hatari.

Zinabaki mbili. Ya kupampu mara moja haihitaji mtungi wala adapta. Unavuta mkono wa pampu, unaweka risasi, unafyatua. Nguvu yake ni ile ile kila mara na haina mtikisiko wa maana. Ubaya wake ni uchovu: mashindano ni risasi 60 kwa dakika 75, na kabla ya hapo kuna dakika 15 za maandalizi na risasi za majaribio. Ukifika ya arobaini bega linaanza kudai haki yake. Kwa mwaka wa kwanza inatosha kabisa, hasa ukiipata iliyotumika lakini sili zake nzima. Jaribu hivi: pampu, subiri dakika moja, fyatua kwenye karatasi, pampu tena, fyatua papo hapo. Tundu la kwanza likiwa chini sana kuliko la pili, sili inavuja.

Ya mtungi, kama Steyr LP10, Walther LP500, Pardini K12 au Feinwerkbau P8X, ndiyo utakayoishia nayo ukiendelea. Swali si bastola, ni hewa. Mitungi mingi hujazwa hadi shinikizo la bar 200, na pampu ya matairi haifiki hata robo ya hapo. Nyinyi wa pwani mna bahati: maduka ya wapiga mbizi, Diani kwa mfano, yana hewa kavu iliyochujwa ya shinikizo hilo. Nunua adapta inayoingia kwenye mtungi wa mzamiaji, fungua vali taratibu mno, maana mtungi mdogo ukijazwa haraka hupata joto, na ukipoa unakuta geji imeshuka. Hewa tu. Mtu asikudanganye ujaze oksijeni ya hospitali au ya fundi wa kuchomelea; oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi hulipuka.

Ukinunua ya mitumba, soma kwanza tarehe iliyopigwa kwenye mtungi. Watengenezaji huuhesabia miaka 10, na kwenye ukaguzi wa mashindano uliopitwa unaweza kukataliwa. Kisha andika geji inasema nini, iache siku mbili, uisome tena. Ikishuka, mara nyingi ni oringi ya shilingi chache, lakini punguza bei kwa hoja hiyo.

Na kibali kitangulie. Usiagize kitu chochote kutoka nje kabla hujashika karatasi ya mamlaka ya leseni mkononi. Mzigo ukikwama bandarini, gharama ya kuhifadhi itapita ya bastola.

Risasi zangu zinaangukia kushoto chini kila siku. Nimesogeza kilengeo mpaka kimefika mwisho. Mpini ni saizi ya kati, mkono wangu mdogo. Je, ninunue mtutu mwingine? – Msomaji wa kike, Arusha

Dada, mtutu uache ulivyo. Rudisha kilengeo katikati kwanza, maana sasa hivi kinaficha ugonjwa.

Kushoto chini kwa mtu wa mkono wa kulia kuna visababishi viwili vya kawaida, na kwa mkono mdogo kwenye mpini mkubwa huja pamoja. Cha kwanza: kidole cha shahada hakifiki vizuri kwenye kifyatulio, kwa hiyo kinagusa ubao wa mpini na kuusukuma kushoto. Cha pili: vidole vitatu vya chini vinakaza wakati wa kufyatua kwa sababu mpini haujai kiganjani, na ncha, yaani kilengeo cha mbele, inazama.

Anza na kifyatulio. Bastola za mashindano zina reli; legeza skrubu kwa alenki, sogeza ulimi wa kifyatulio nyuma mpaka katikati ya nyama ya pingili ya kwanza ikae juu yake, na kati ya kidole na mpini pabaki uwazi ambao kipande cha kadibodi kingepita. Ukikosa uwazi huo, hakuna mazoezi yatakayokusaidia.

Halafu mpini. Simama kama kwenye mashindano, inua bastola, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Usirekebishe chochote. Tazama ncha ya mbele imekaa wapi ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma. Rudia mara kumi na uandike. Ikiwa mara saba ncha iko kushoto, mpini ndio unaoipeleka kushoto. Kama yako ina skrubu za kugeuza mpini, zungusha robo tu kisha rudia zote kumi. Kama haina, ongeza puti ya epoksi upande wa kulia nyuma, pale kitako cha kiganja kinapokaa: nyuma ya bastola itasukumwa kushoto na mdomo utarudi kulia. Ncha ikiwa chini ya pengo, kifundo kinainama kuliko mpini unavyotaka. Badili mwinamo wa mpini, usijilazimishe kuukaza mkono.

Puti yenyewe: kwaruza mbao kwa msasa mkali ili ishike, kanda kiasi cha punje ya korosho, siyo zaidi, bandika, funika kwa plastiki nyembamba ya jikoni, shika mpini kama unavyolenga kwa dakika mbili bila kubana. Ukibana, utapata umbo la mkono uliobana, na ukilegea utakuwa na mapengo. Acha ikauke usiku kucha, kisha kwangua kwa msasa namba 120. Vaa kinga ya pua; vumbi la epoksi si la kuvuta. Kibao cha chini kinachobeba kiganja kiguse tu. Wengi hukipandisha mpaka kinakamata mkono kama mtego, na damu ikipungua vidole vinatetemeka. Kanuni nayo ina mpaka: kifundo cha mkono lazima kiwe huru, na kibao hicho kisiinuke kukizunguka mkono.

Ukimaliza haya, wiki mbili fyatua bila risasi, ukielekea ukuta mweupe usio na alama. Ukutani hakuna cha kukuvutia, kwa hiyo utaiona ncha ikiruka mwenyewe.

Nilipima kifyatulio nyumbani kikabeba gramu 500 barabara. Kwenye mashindano nikakataliwa. Mizani yao ni mbovu? – Msomaji, Kampala

Mizani yao pengine ni sawa; wewe umejipimia ukingoni. Gramu 500 ndicho kima cha chini kwa bastola ya hewa, na kifyatulio hakikai namba moja siku nzima. Grisi ikilainika kwa joto, au uzito ukining'inia karibu zaidi na ncha ya ulimi kuliko ulivyoning'iniza nyumbani, unapoteza gramu kadhaa. Weka 520. Tofauti hiyo kidole hakiitambui, mkaguzi anaitambua.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua chupa ndogo ya maji, uzi na ndoano. Nusu lita ya maji ni gramu 500, lakini chupa, kifuniko na uzi vina uzito wake, kwa hiyo peleka vyote dukani penye mizani ya kidijitali na uongeze au umwage maji mpaka isome 520. Bastola ikiwa imekokiwa na hewa imo, maana bila hewa kipimo hakihesabiki, iweke wima mdomo juu, ning'iniza ndoano katikati ya ulimi, inua polepole kutoka mezani. Chupa ikining'inia bila kufyatuka, umefaulu. Fanya mara tano mfululizo.

Gawanya uzito kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ndefu na nzito, kama 380, ya pili fupi, kama 140. Anayeanza hupenda kinyume, hatua ya pili nzito, kisha anashangaa kwa nini anavuta kwa nguvu mwishoni. Na ile skrubu ndogo inayopanga meno ya ndani yashikane kiasi gani usiiguse kama hujui unachokitazama. Meno yakishika kidogo mno, bastola hufyatuka ikigongwa. Gonga fremu kwa kiganja, imekokiwa bila risasi. Ikifyatuka, ni ya fundi siku hiyo hiyo.

Kocha anasema nitazame ncha, niache shabaha iwe ukungu. Nitapigaje nisichokiona? – Msomaji, Dar es Salaam

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme kati ya ncha na pengo kuna milimita 330. Mkono wote ukiyumba milimita 5 huku ncha na pengo vimekaa sawa, risasi inahama milimita 5. Duara la 10 lina kipenyo cha 11.5 na risasi ni ya 4.5, inayogusa mstari huhesabiwa, kwa hiyo hiyo bado ni 10. Sasa mkono utulie kabisa, ila ncha ishuke nusu milimita ndani ya pengo. Gawa 10,000, yaani mita 10 kwa milimita, kwa 330, zidisha kwa 0.5: milimita 15. Umepata 9 ya ukingoni kabisa, milimita moja zaidi ingekuwa 8. Kosa la nusu milimita karibu na jicho lina uzito mara thelathini.

Ndiyo sababu walengaji wazuri huacha ukanda mweupe kati ya ncha na duara jeusi. Ukiigusisha, nyeusi juu ya nyeusi, hujui ncha inaishia wapi. Makocha wa kigeni huita mahali hapo "saa sita", na Mswahili akisikia saa sita anaangalia juu. Ni chini ya duara wanapomaanisha. Upana wa pengo nao uwe wa kutosha: mwanga uonekane pande zote mbili za ncha, kila upande karibu nusu ya upana wa ncha yenyewe. Pengo jembamba linaonekana sahihi zaidi, lakini jicho huchoka kuupima mwanga usiokuwepo.

Bastola yangu ya 9 mm ya mashindano ya vitendo niliiwekea springi laini ya slaidi na springi laini ya pini ya kufyatulia. Sasa kila magazini risasi moja hailipuki, na mara nyingine slaidi haifungi hadi mwisho. – Msomaji mwenye leseni, Kiambu

Umebadili vitu viwili kwa mpigo, kwa hiyo huwezi kujua kipi kinakuponza. Rudisha vyote vya kiwandani, piga risasi 100. Tatizo likitoweka, weka tena springi laini moja peke yake.

Okota risasi isiyolipuka, baada ya kuiacha ndani ya bastola sekunde 30 mtutu ukiwa kwenye shabaha, utazame fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwake ambacho pini hukigonga. Kishimo kikiwa kifupi, pini haina nguvu: fataki ngumu za baadhi ya viwanda haziivumilii springi laini. Kishimo kikiwa kirefu, lawama ni ya risasi. Slaidi isiyofunga ni ya springi ya slaidi, hasa bastola ikishaanza kuwa na masizi.

Springi laini ya slaidi watu huiweka ili watumie risasi dhaifu. Hapo piga kwanza hesabu ya nguvu inayotakiwa mashindanoni: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000, isipungue 125. Greni 124 kwa futi 1,050 ni 130.2. Kwa futi 1,000 ni 124, umeanguka kwa pointi moja. Mimi ningebaki na springi za kiwandani, fedha iliyobaki iende kwenye ncha ya mbele inayoonekana vizuri na kwenye risasi za mazoezi. Na soma kanuni za daraja lako kabla ya kubadili hata skrubu. Madaraja ya bastola za kawaida yana orodha ya kilichoruhusiwa.

Risasi za kopo la bei rahisi na za bei ghali, kuna tofauti kweli? – Msomaji, Nakuru

Ipo, ila isubiri. Kwa mita 10 tumia za kichwa bapa, zinatoboa karatasi tundu safi. Kipenyo cha kichwa huandikwa kwenye kopo, 4.49, 4.50 na kadhalika, na kila mtutu una kipenzi chake. Funga bastola kwenye jiliwa lenye mpira ili isiumie, piga tano tano za kila aina: kundi zima likiingia ndani ya milimita 11.5, yaani duara la 10, kopo hilo limetosha. Ukiwa unapata 500 kati ya 600, za mazoezi hazikupunguzii chochote. Nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chai.