Muulize Ami: Mnara umeinama baharini, na wetu je?

SWALI: Ami shikamoo. Nimetumiwa kwa simu picha ya mnara wa taa huko Marekani, uko katikati ya maji umeinama kama mlevi, chini hakuna hata kisiwa. Wenzangu wanasema ni picha ya kutengenezwa. Kama ni kweli mbona wasiubomoe tu, si meli zote siku hizi zina GPS? Na huu wetu wa Vasco da Gama hapa Malindi nao ni wa taa ama? (Mvuvi, Ngomeni)

AMI: Marahaba mwanangu. Picha ni ya kweli, waambie wenzako wakulipie chai. Huo ni mnara wa Sharps Island, uko ghuba ya Chesapeake upande wa Maryland, na kisiwa kilikuwako, watu wakilima na hoteli ikajengwa, bahari ikakila kidogo kidogo mpaka kikaisha chote. Mnara uliwekwa 1882, chini yake ni pipa kubwa la chuma limejazwa zege. Na ulioinamisha si mawimbi, ni barafu! Kule baridi ikizidi maji ya ghuba yanaganda, halafu yanapopasuka yale mapande yanachukuliwa na mkondo yanakuja kugonga kama lori limekatika breki, ndio miaka ya 1970 ukalala kama digrii 15 na haujainuka tena.

Hilo la GPS sikukatalii, kwa meli kubwa taa si roho tena kama zamani. Lakini wewe mvuvi unajua simu ikiingia maji usiku unarudi vipi, unatafuta alama, na alama ikiwa ni taa ndio raha kabisa. Tena mimi naona minara hii haiuliwi na GPS, inauliwa na upweke. Zamani kulikua na mlinzi anakaa humo humo, kioo kikivunjika asubuhi jioni ashatia kingine, kutu ikianza anakwangua anapaka rangi. Zikaja taa za kujiwasha zenyewe, watu wakatolewa, basi, dirisha moja likipasuka maji ya chumvi yanaingia, ndege nao wanahamia, miaka michache ngazi yote imeliwa. Ni kama zile nyumba za urithi pale Lamu ndugu wakigombana wakazitia kufuli, unajua zinavyoishia.

Angalia Chumbe hapo Unguja. Mnara wake ni wa 1904, taa bado inawaka, manake kisiwa kina watu, matumbawe yanahifadhiwa, waliokua wavuvi wamekua walinzi wa miamba, na nyumba ya mlinzi wa taa sai wageni wanapokelewa humo.

Haya, huu wetu. Hapana, si wa taa na haujawahi kuwa, japo hata watoto wetu wa Shella wanauita hivyo. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, India, na wakati wa kurudi ndio akaacha ule msalaba wa mawe ya kwao Ureno. Ile nguzo nyeupe ya chini imejengwa baadaye ili kuushika. Uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na shida yake ni mwamba uliokalia, kila kusi ikivuma mawimbi yanauchimba kwa chini.

Waingereza yaliwakuta hayo hayo kwenye mwamba wa Eddystone, nje ya Plymouth. Mnara wa kwanza uliwaka 1698, tufani ya 1703 ikauchukua pamoja na aliyeujenga, Henry Winstanley, alikua ndani usiku huo masikini. Wa pili ulikua wa mbao, ukaungua 1755. Wa tatu John Smeaton akaumaliza 1759, mawe yameumana vile seremala anavyoumanisha droo, ukasimama zaidi ya miaka 100 bila tatizo, kumbe mwamba wa chini ndio unaliwa! Wakajenga mwingine pembeni, ukawashwa 1882, na ule wa Smeaton watu wakachanga pesa, ukafunguliwa jiwe jiwe sehemu ya juu ukasimamishwa upya nchi kavu Plymouth. Kile kisiki bado kiko baharini mpaka leo. Kwa hivyo hapa Malindi tukipaka chokaa juu kila mwaka na chini tumeacha, tunaupamba tu.

SWALI: Ami, nyumba ya marehemu bibi hapa Mkomani, Lamu, plasta inabanduka, fundi anataka kupiga simiti. Nimuache apige? (Mjukuu)

AMI: Usimuache apige! Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unapanda na kutoka. Ukiuziba kwa simiti unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika, plasta inabanduka tena na safari hii inaondoka na jiwe. Tafuta fundi wa chokaa, ni polepole na anataka pesa yake. Huyo Smeaton niliyemtaja juu hakuokota chokaa yoyote tu, alijaribu za kila aina mpaka akagundua ile ya mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake inashika hata kwenye maji, akatumia ya Aberthaw kule Wales akachanganya na majivu ya volkano kutoka Italia. Wewe huhitaji volkano, nyumba yako haiko baharini, chokaa ya kawaida iliyolowekwa vizuri inatosha.

SWALI: Ni kweli Marekani serikali inagawa minara bure? (Mpenda vya bure, Malindi mjini)

AMI: Kweli. Kuna sheria ya mwaka 2000, mnara usiohitajika wanapewa bure makumbusho, mabaraza au vyama vitakavyoahidi kuutunza, wakikosekana unapigwa mnada mtu yeyote anunue. Ila taa ikiwa bado inawaka lazima uwaruhusu walinzi wa pwani waje kuihudumia. Ya nchi kavu inagombaniwa, ya baharini ndio inabaki, manake simiti, maji ya kunywa, fundi, vyote viende kwa boti, halafu unafika hakuna gati, kuna ngazi ya chuma ya kutu na bahari imechafuka. Mimi umri huu hata kwa bure sitaki.