Kabla Hujakabidhiwa Pikapu Mpya, Dai Ufundishwe

Taa iliwaka nikiwa kwenye foleni ya Bombolulu, Mombasa, alfajiri, nyuma nimepakia kreti 20 za nyanya. Ya manjano, mchoro wa kijibomba chenye vitone ndani. Pikapu ilikuwa na miezi minne tu. Niliendelea na safari, maana hoteli ya Shanzu inataka mzigo kabla wapishi hawajaanza kazi, na gari halikuwa na mlio wowote mbaya. Siku ya tatu likakataa kuvuta. Nakanyaga mafuta, linanguruma, mwendo haupiti 40.

Gari hili nimelinunua kwa mkopo baada ya kuendesha kuukuu langu miaka 11. Lile la zamani likiugua nililisikia kwa masikio. Hili jipya linasema kwa taa na michoro, na mimi lugha hiyo sikuwa nimefundishwa.

Fundi mmoja wa Changamwe alichomeka kifaa chake kwenye tundu lililo chini ya usukani, akasoma, kisha akanigeuzia kioo nione. "Dada, gari halijafa. Limeshiba masizi."

Pikapu nyingi za dizeli za siku hizi zina chujio kwenye bomba la moshi, linanasa masizi yasitoke nje. Likikaribia kujaa, gari hujisafisha lenyewe: hunyunyiza mafuta ya ziada, joto la moshi likapanda hadi kiasi cha nyuzi 600, masizi yakaungua. Lakini kazi hiyo inataka injini iliyochemka vizuri na mwendo usiokatika kwa dakika kama 20. Sasa tazama siku yangu. Kongowea hadi Nyali, nazima. Nyali hadi Bamburi, nazima. Sokoni nikingoja hamali wapakie, naacha injini ikiunguruma nipate kiyoyozi, maana joto la Kaskazi mnalijua. Kila safari naongeza masizi, na kila gari likianza kujisafisha nalikatiza kazi katikati.

Yote haya yameandikwa kwenye kitabu cha gari. Aliyenikabidhi funguo alitumia dakika kumi kunionyesha namna ya kuunganisha simu na redio, akanipiga picha na utepe mwekundu, basi. Hilo linaniuma mpaka leo. Gharama ya kulisafisha chujio gereji niliilipa mimi, kwa kuwa dhamana haikuhesabu kosa la matumizi.

Kwa hivyo, wewe unayetaka kununua, uliza swali hili kabla ya kutia sahihi: chujio la masizi lipo, na likianza kujisafisha nitajuaje? Kwenye gari langu dalili ni tatu. Ukisimama, injini inazunguka kwa kasi kuliko kawaida. Feni ya injini inavuma kwa nguvu hata kama safari ilikuwa fupi. Na kunakuwa na harufu ya kitu cha moto karibu na tairi za nyuma. Ukiziona, usizime, endelea kuendesha mpaka zitulie. Wala usiegeshe juu ya majani makavu, bomba lina moto wa kuunguza.

Mimi sasa kila Jumapili asubuhi, kabla malori hayajajaa, nashika barabara ya Nairobi hadi Mariakani na kurudi, gia ya chini kidogo, mzunguko wa injini juu ya 2,000 kwa dakika. Mzigo wa Diani naupitisha barabara ya Dongo Kundu badala ya kungoja feri Likoni. Lakini taa ikishawaka na nguvu zimepotea, usijitibu kwa safari ndefu. Nenda kwa fundi mwenye kifaa cha kusomea.

Utakutana pia na watakaokwambia, "Tulitoboe hilo chujio, umalize shida." Nakusihi usikubali. Dhamana inakufa siku hiyo hiyo, na masizi yale yanaingia mapafuni mwa watoto wanaotembea pembeni kwenda shule.

Jambo jingine ni breki inayojikamata yenyewe. Kamera ya juu ya kioo cha mbele na rada ya kwenye grili zinatazama mbele. Zikiona unakaribia kugonga, gari linafunga breki bila kukuuliza. Pale lango la Kongowea mkokoteni ulikatiza mbele yangu, mimi nimeshamwona hamali na nimeshaondoa mguu, gari likafunga breki kwa kishindo. Kreti nne za juu zikamwagika. Nyanya zilibingirika hadi chini ya tuktuk iliyokuwa nyuma, na kina mama wakanisaidia kuziokota. Wengi huizima. Mimi nimeiacha, kwa sababu hamali yule angekuwa mtoto na mimi nimechoka, ingemwokoa. Nilichobadilisha ni mzigo: kila kreti inafungwa kamba, hata nikienda mita 500.

Usukani nao hujigeuza wenyewe kulirudisha gari ndani ya mistari ya barabara. Ukikuvuta unapokwepa shimo na kukata mstari, washa indiketa kwanza. Kwa kawaida unakuachia. Na ufunguo wa kubonyeza una ufunguo wa chuma umefichwa ndani yake. Omba uonyeshwe unavyotoka, kwa sababu betri yake ndogo haichagui mahali pa kuisha.

Mwezi jana shemeji yangu alikwenda kuchukua pikapu yake, nikafuatana naye. Kijana wa pale alitukabidhi funguo, akasema kitabu kimo kwenye droo. Nikamwambia, "Kitoe, mwanangu, tukifungue pamoja." Tulikaa ndani ya ile pikapu saa moja na nusu, milango wazi, tukipitia mchoro mmoja mmoja. Michoro miwili hata yeye hakuijua, akaenda kumwita mkuu wake wa gereji.