Kuchoma yaliyobadilika tu

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Tandahimba. Kumbukumbu za mizani na malipo zinafika GB 3. Kila Ijumaa nachoma folda nzima kwenye DVD-R, diski zinaniishia. Naweza kuchoma yaliyobadilika tu?

JIBU: Unaweza, ndugu katibu. Windows huwekea alama kila faili jipya au lililobadilishwa, na amri ya robocopy huisoma alama hiyo. Tuseme folda yako ni D:\Hesabu. Funga programu zinazoitumia, fungua dirisha la amri (Command Prompt), na mara ya kwanza andika:

attrib +a D:\Hesabu\* /s

Hapo mafaili yote yamepata alama. Kisha:

robocopy D:\Hesabu D:\Nakala\01 /S /M

Folda 01 itabeba kila kitu. Ichome kwenye diski. Ijumaa ijayo rudia amri ya robocopy peke yake, ukiandika 02 badala ya 01, halafu 03. Hizo zitabeba mabadiliko tu.

Wengi huumia hapa: /M hufuta alama mara faili linaponakiliwa. Uchomaji ukiharibika nawe umeshafuta folda 02, wiki ijayo mafaili yale hayatachukuliwa tena. Usiifute mpaka diski imehakikiwa na umefungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye diski yenyewe.

DVD-R iliyoandikwa GB 4.7 Windows huionyesha kama 4.38. Unapochoma usiifunge (programu huita "finalize"), ili iendelee kupokea folda nyingine mpaka ijae, ila kila awamu ya kuchoma hula nafasi ya ziada. Choma kwa kasi ya 4x au 8x, kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme): umeme ukikatika katikati, awamu hiyo imeharibika na DVD-R haifutiki.

Kurudisha, anza na 01, fuatisha kwa namba, ruhusu jipya lifunike la zamani. Diski moja ikikosekana, mabadiliko yake yamepotea. Mafaili uliyokwisha kuyafuta nayo yatarudi. Kwa hiyo wakati wa msimu anza upya kila mwezi kwa attrib, kwenye diski mpya.

Lakini kama hesabu zote zimo ndani ya faili moja kubwa la programu ya uhasibu, njia hii haikuokolei kitu. Ukigusa mstari mmoja, faili zima linanakiliwa.

Choma seti mbili, moja ikae nje ya ofisi, kwenye kasha, mbali na jua, kwani jua huharibu rangi inayobeba maandishi ya diski.