Mtoto na Ndege Ndogo: Maswali Yenu

Likizo inakaribia, na wiki hii wengi mmeniuliza kuhusu watoto wanaopanda ndege ndogo kwa mara ya kwanza. Wengi wenu mnaizungumzia Cessna Caravan, ile yenye propela moja puani na mabawa yaliyo juu ya madirisha, ambayo hupeleka watu Unguja, Pemba na Mafia. Nimeirusha kwa miaka mingi, na abiria ninaowakumbuka zaidi ni watoto.

Mwanangu ana miezi saba. Tunatoka Dar kwenda Unguja harusini. Nasikia masikio ya watoto huwauma sana. Nifanyeje? (Mama wa kwanza, Temeke)

Hongera ya mtoto, dada. Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopanda. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna hewa, na kijia chembamba huiunganisha na koo. Ndege ikishuka, hewa ya nje huizidi nguvu ile ya ndani na kuisukuma ngoma, na mara nyingi kijia hicho hufunguka mtu anapomeza. Wewe utameza mate. Mtoto msaidie kwa kunyonya.

Wengi hukosea wakati wake. Mama ananyonyesha akiwa bado anasubiri kuitwa, mtoto anashiba na kulala, halafu ndege inashuka yeye akiwa usingizini na hamezi kitu. Safari yenyewe ni kama dakika 20. Mkifika katikati ya bahari, rubani huenda ameshaanza kushuka, kwa hiyo mpe titi au chupa hapohapo, usingoje mpaka muone minazi. Kama amelala, mwamshe. Najua inauma kumwamsha mtoto, lakini akiamshwa na maumivu atalia zaidi.

Msidhani kwamba kwa kuwa Caravan haifiki juu kama ndege kubwa, basi masikio yamesalimika. Ndani yake hakuna mfumo wa kudhibiti shinikizo la hewa, hivyo mwili hupokea kila badiliko la nje. Mtoto akiwa na mafua yaliyomziba pua, ahirisha safari au pandeni boti.

Tena, usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda wako. Ndege ikisimama ghafla, mwili wako wote utambana yeye. Omba mkanda wa mtoto, ule unaopitishwa kwenye wako kisha ukamzunguka yeye peke yake.

Kijana wangu wa miaka minne hukimbia hata akisikia mashine ya kusaga. Ataiweza kelele ya ndege? (Baba, Morogoro)

Ataiweza akiizoea mapema, kaka. Kelele ya Caravan ni kubwa kweli. Mnunulie vikinga sauti vya kuvaa juu ya masikio, vinavyofanana na hedifoni, na avivae nyumbani siku kadhaa akicheza, ili visiwe kitu kigeni siku ya safari. Vile vya sponji vya kuingiza sikioni si vya umri wake, kwani anaweza kuvitia mdomoni vikamkaba. Mweleze pia atakachosikia: injini itaanza kwa mlio mwembamba kama filimbi, halafu itanguruma, na mkishapanda juu itapunguza sauti. Watoto wengi huogopa hapo sauti inapopungua, wakidhani ndege imezimika. Akiambiwa mapema, atakukumbusha yeye mwenyewe.

Kelele hainitishi kama propela inavyonitisha. Kwenye viwanja vidogo mtatembea kwa miguu mpaka kwenye ndege, na jirani yake inaweza kuwapo nyingine ambayo injini yake inafanya kazi. Propela inapozunguka kwa kasi macho hayaioni vizuri, hasa ya mtoto anayekimbilia dirisha alilolipenda. Mlango wa abiria wa Caravan uko nyuma, na ninyi mpite nyuma, mkimfuata mhudumu. Usimwambie tu "nifuate". Mshike mkono, na mikono ikijaa mizigo, acha mzigo. Hata propela iliyosimama isiguswe, wala mtoto asipigwe picha akiikumbatia.

Kwa nini wanatupima uzito kama magunia? Mjukuu wangu wa kike aliona haya. (Bibi, Kilindoni)

Shikamoo bibi. Mpe pole mjukuu wangu huyo. Rubani lazima ajue uzito wote na mahali ulipo, kwa sababu mzigo ukizidi upande wa nyuma ndege hukosa mizani. Ndiyo maana pia watu huhamishwa viti. Siku nyingine mpe kazi ya kusoma namba za mizigo kwenye mzani, na aone kwamba hata rubani huhesabiwa.

Mtoto akitapika? (Msomaji, Tanga)

Chagua ndege ya asubuhi. Jua likishachoma ardhi, hewa ya moto hupanda na ndege hurukaruka, hasa mnapoacha bahari na kuingia nchi kavu. Mpe chakula chepesi kabla ya safari, kwani tumbo tupu nalo huleta kichefuchefu. Akiwa hewani aangalie mbali, pale mbingu zinapokutana na bahari, na simu iwekwe mfukoni. Mifuko miwili ya kutapikia, kitambaa kilicholowa, na fulana ya kubadilisha. Basi.

Rafiki yangu ni rubani, ana ndege ya viti vinne. Anataka mpwa wangu wa miaka saba ashike usukani ili tumrekodi. Kuna ubaya? (Mjomba, Arusha)

Ndugu yangu, swali lako limenikumbusha Jessica Dubroff. Aprili 1996, akiwa na miaka saba, alikuwa akijaribu kuvuka Marekani kwa ndege ndogo ili aweke rekodi ya kuwa mdogo kuliko wote waliowahi kufanya hivyo, pamoja na baba yake na mwalimu wake wa urubani. Vyombo vya habari viliwafuata. Asubuhi moja waliondoka Cheyenne, Wyoming, mvua na dhoruba zikiwa zimefika, ndege ikiwa imezidi uzito. Ilianguka mara tu baada ya kuruka na wote watatu wakafa. Wachunguzi walilaumu uamuzi wa kuruka, ambao ulikuwa wa mwalimu, na wakataja haja ya kwenda na ratiba waliyojipangia. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia watoto kurusha ndege kwa ajili ya rekodi kama hizo.

Sisemi rafiki yako ni mzembe. Ila kamera ikishaandaliwa, mkubwa huona aibu kusema "leo hapana". Mwache mtoto akae nyuma, afungwe mkanda, atazame Mlima Meru. Ndege ikiwa imezimwa chini, akae mbele na aguse anachoruhusiwa. Huko huko Marekani kuna mpango wa Young Eagles, ulioanza 1992, ambao huwarusha watoto bure, na umri wake wa kuanzia ni miaka minane.

Binti yangu alikataa kupanda, amelia mlangoni, nikambeba kwa nguvu. Sasa kila akisikia ndege hujificha. Tunasafiri tena Desemba. (Mama, Chake Chake)

Pole, mama. Nimeona mlango huo mara nyingi, na najua abiria wengine walivyokutazama. Anza sasa, Desemba iko mbali. Mpeleke karibu na uwanja siku ambayo hamsafiri, kaeni upande wa nje, mnunulie muhogo wa kuchoma, mhesabu ndege zinazotua. Akisema turudi nyumbani, rudini. Nendeni tena wiki nyingine. Mwombe radhi pia kwa ile siku; anaielewa radhi yako kuliko unavyodhani. Safari ikifika, fika mapema na umwambie mhudumu, ili rubani aje amsalimie kabla ya injini kuwashwa. Nami hushuka kila ninapoambiwa.