Mgeni Hadaiwi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Wete. Sisi wazima, kifua cha baba yako kimetulia tangu kipupwe kimalizike, na zile tende ulizotuma zimefika zote.

Hadithi yako nimeisoma usiku, nikairudia baada ya alfajiri kichwa kikiwa chepesi. Umeniuliza jambo moja tu. Yule bwana aliyetoka Pemba akapanga chumba cha uani, anayetoka usiku bila kuaga na mwenye macho mekundu, mpaka nyumba nzima inamdhania mchawi, msomaji aambiwe lini kwamba usiku huo alikuwa akienda hospitali kumlipia matibabu mtoto wa mwenye nyumba? Aambiwe katikati, au mstari wa mwisho kabisa?

La lini nitalifikia. Mimi nimekwama kwenye la kwa nini. Kwa nini amlipie?

Usinuneshe uso, najua unavyofanya. Hadithi ni nzuri na nimelia pale mtoto anapomtambua kwa sauti. Lakini nilipoweka karatasi chini nikajikuta nimekasirika, na imenichukua siku nzima kujua nimekasirikia nini. Nimekasirika kwa sababu huyu bwana kaadhibiwa kwa kuwa mgeni, kisha ili asamehewe kosa ambalo hakulifanya, imebidi atoe pesa. Angekuwa na mfuko mtupu je? Angekuwa anatoka usiku kwa kuwa hapati usingizi, basi, au anakwenda kukaa ufukweni kuwakumbuka watu wake? Msomaji wako angefunga kitabu akasema, loo, kumbe kweli hakuwa na maana yule.

Sisi tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Naupenda, bibi yako wa Kangagani alikuwa akiusema huku mkono wake umeshamshika kuku. Lakini hebu utazame vizuri. Mgeni hajavua viatu, ameshapangiwa kazi ya kuponya watu. Siku ya tatu tunampa jembe. Mimi nasema mgeni hadaiwi. Akija asalimiwe, akiondoka aagwe, na hapo kati awe mtu kama watu, mwenye siku zake za kununa na siku zake za kucheka.

Nimesomesha Kiswahili miaka mingi, na hili la hadithi fupi nililisema mpaka wanafunzi wakawa wanalimalizia wenyewe: riwaya inakupa muda wa kuishi na mtu, hadithi fupi haina muda huo. Ina mistari miwili, kanzu iliyochanika bega na macho mekundu, na msomaji ameshahukumu. Hapo umefanya kazi nzuri, nakupa haki yako. Msimulizi wako anakaa ndani ya nyumba ile, anaona kile tu nyumba inachokiona, kwa hiyo msomaji anashuku pamoja nao bila kulazimishwa. Na macho mekundu si mchezo. Bara huko, Usukumani, vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho ya moshi wa kupikia miaka yote. Umeshika kitu chenye makali. Ndiyo maana nauliza: msomaji akishaona haya mwishoni, ameona haya ya nini? Ameona haya ya kumshuku mtu mwema. Mimi nataka aone haya ya kumshuku mtu.

Hujaniuliza habari za mwaka 1995, na nusu yake unaijua. Nusu ya pili sikukupa kwa sababu ulikuwa mdogo, kisha kwa sababu ulikuwa mkubwa.

Nilikuwa Unguja nasomea ualimu, nimepanga Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ghorofa ya juu. Zile habari za Popobawa, shetani anayesemwa kuvamia watu usiku, zilianzia huku kwetu Pemba, zikavuka bahari, na Ramadhani ya mwaka ule zikaufika mji. Kilichosemwa kuwa anawafanyia watu umekisikia, sitakiandika kwa mkono wangu. Lililokuwa wazi ni kwamba watu waliacha vitanda. Usiku familia nzima zilishuka na mikeka, zikalala nje kwa makundi, wanaume wamewasha moto wanakesha, kwa kuwa ilisemwa anamfuata aliyelala ndani. Asubuhi watu wanakwenda kazini macho yamevimba, na jioni taharuki inaanza upya.

Na mimi nimetoka kule alikotoka yeye.

Mwanzo lilikuwa jambo la sahani. Ile sahani ya bati yenye ukingo wa kijani, uliyokuwa ukichezea ulipokuwa mtoto, niliipata pale. Siku moja ya futari niliikuta imewekwa dirishani peke yake, ndani yake muhogo na kipande cha samaki. Mama mwenye nyumba akasema, "Chako kile," na tangu siku hiyo sinia moja sikula nao tena. Chakula kilikuwa kizuri, tena kingi, hakunipunja. Nikipita, watoto walivutwa kanga wakae nyuma. Wadogo walikuwa wakiigiza ninavyosema, wakaacha kuigiza, na kuacha kwao kuliniuma kuliko kuigiza.

Siku ya kifundo ilikuwa kumi la mwisho. Asubuhi niliyoondoka Kangagani bibi yako alinifungia karafuu na kipande cha mdalasini katika tambara la kaniki, kwa ajili ya gego langu, lile nililong'oa ulipokuwa darasa la pili. Hakuwa na tambara jingine karibu, akachana pembe ya kaniki yake ya shamba. Nilikiweka chini ya mto. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika magodoro, akakiona. Hakukishika. Alikibana kwa vijiti viwili vya mshikaki, akateremka nacho ngazi zote zile, akakiweka juu ya gazeti pale chini ambako watu walikuwa wameshaanza kutandika mikeka, akaita majirani. Mimi narudi chuoni na madaftari yangu, naona watu wamezunguka kitu.

Nikasema, hizo ni dawa ya jino. Hakuna aliyenijibu. Kijana mmoja akatumwa akifungue, akakifungua kwa ncha ya kisu. Karafuu zikamwagika kwenye gazeti. Karafuu, mwanangu! Visiwa vizima vinanuka karafuu, hakuna mtu aliyekuwa pale asiyezijua, na harufu ikapanda juu ya moshi wa kuni kama kwetu wakati wa kuanika. Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

Mama mwenye nyumba akaziangalia, akasema, "Zimesomewa hizo."

Hapo ndipo penye jibu la swali lako, na ndipo panaponichoma hadi leo. Ukweli ulifunguliwa mbele ya macho yao, mchana, juu ya gazeti, na haukubadilisha kitu. Kabla ya kufunguliwa, kifundo kilikuwa uchawi kwa kuwa hakijulikani kina nini. Baada ya kufunguliwa, kilikuwa uchawi kwa kuwa kilichomo ni karafuu. Mtu aliyekwisha kuamua hafumbuliwi na ushahidi, anaupa ushahidi kazi nyingine. Kwa hiyo nikisoma hadithi ambayo siri inafichuka na nyumba nzima inainamisha vichwa kwa majuto, roho yangu inakataa.

Lakini bado sijamaliza. Alikuwepo mzee mmoja wa ghorofa ya chini, fundi viatu, mtu wa maneno machache. Alikuja anajikokota, akachuchumaa mbele ya gazeti, akasema, "Nipeni mimi, jino limeniua tangu daku." Akaokota karafuu mbili. Mtu akamwambia, mzee, tena umefunga! Akasema atangoja adhana. Akazikunja ndani ya kofia yake, na magharibi ilipoadhiniwa nilimuona kwa macho yangu, baada ya tende na maji, anaziweka shavuni. Shavu likatuna. Akakaa pale kwenye mkeka wake na lile shavu mbele ya watu wote, anameza uji pole pole kwa upande wa pili. Mama mwenye nyumba alimtazama mpaka taraweh.

Baba yako anasema yule mzee alifanya makusudi, kwamba alitaka kunitetea bila kumvunjia heshima mwenye nyumba, na kwamba jino halikuwa likimuuma hata kidogo. Mimi nasema lilikuwa likimuuma. Tumebishana hili tangu tuoane. Na nikwambie kwa nini sitaki kumpa baba yako ushindi: kama alinitetea, basi alifanya wema mkubwa, na mimi nikawa mtu wa kuokolewa. Lakini kama jino lilimuuma kweli, basi kwa mtu mmoja katika uwanja ule mimi nilikuwa binti aliyekuja na karafuu, na karafuu zilikuwa karafuu. Hakuniuliza kama mimi ni mwema. Hakunisalimia hata. Furaha niliyoipata kwa lile shavu lililotuna sijaipata kwa sifa yoyote niliyowahi kupewa.

Siku zilezile mjini umati ulimuua mtu, mgonjwa wa akili aliyetoka bara kuja kutibiwa. Walisema ndiye Popobawa. Huyo hakupata nafasi ya kumlipia mtoto wa mtu hospitali. Hakuna ukurasa wa mwisho ambao watu wangegundua alikuwa na siri njema. Alikuwa mgonjwa, na mgeni, basi. Nikiiwaza hadithi yako namuwaza yeye. Mgeni hadaiwi, mwanangu, hata uhai wake asidaiwe ushahidi.

Sasa nasikia unavyonijibu, kwa sababu nami najijibu hivyohivyo. Utasema, mama, msomaji amechoka, ametoka kazini, anataka hadithi impe kitu. Ni kweli. Utasema mtu akishaona haya ya kumshuku mtu mwema mara moja, huenda kesho akamuonea haya hata yule asiye mwema. Huenda. Nimeliona hilo darasani, watoto wagumu wamelainishwa na hadithi za aina hiyo, siwezi kukataa. Na yule mama mwenye nyumba sitaki umfanye jini. Alikuwa na watoto wadogo, mume yuko baharini, kila usiku anakesha kwenye moto na kila asubuhi jirani anamletea habari mpya ya mtu aliyevamiwa. Aliogopa. Tena hakunifukuza, na futari yangu aliijaza hadi siku niliyohama mwenyewe baada ya sikukuu. Aliniaga vizuri. Hakuomba radhi, kwa sababu kwa hesabu yake hakukuwa na la kuombea radhi.

Na sisi huku tuna yetu. Msimu wa karafuu wakija wachumaji tusiowajua tunapiga komeo mapema, na jamvi likipungua uzito hatumuangalii wa kwetu kwanza. Ukiandika hadithi ya pili, iandike hiyo.

Basi la lini. Kama unaifichua siri, ifichue mapema, tena ovyo, kama kitu kisicho na uzito, kisha waache wale watu wa nyumba ile waishi nayo. Tuone wanaigeuza vipi. Hapo hadithi yako itaanza pale ambapo sasa inakomea, na itakuwa ngumu zaidi kuiandika, najua. Utahitaji kurasa tatu nne, nawe umeambiwa usizidishe.

Kama siri iwepo au isiwepo, hilo sikuamulii. Nilishaanza kukuandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, "Mwache asilipe," nikafuta, karatasi ikachanika kidogo, utaona. Hadithi ni yako. Mimi ni mama yako, na huenda ninachokitaka si hadithi, nataka tu mtu amfungulie yule bwana mlango akiwa na siku mbaya na mfuko mtupu. Hilo si kosa lako, wala si kazi ya hadithi yako peke yake.

Macho mekundu lakini usiyaeleze. Ulivyoyaacha mpaka mwisho bila sababu ndivyo hasa. Hapo nimeandika "vizuri sana" na sikufuta.

Karatasi zako anakuja nazo baba yako mdogo, anapanda meli Jumamosi. Mpokee bandarini mwenyewe, goti lake bado. Ukishaamua, niletee nisome kabla hujaipeleka kwa mhariri, hata kama umeamua kinyume na mimi. Na baba yako anasema nikuandikie kwamba jino halikuwa likimuuma. Nimekuandikia.

Mama yako