Unga Mweupe kwenye Askari wa Risasi

SWALI: Assalamu alaykum. Nina vijisanamu 40 vya madini vya askari wa anga, vya Citadel (chapa ya Uingereza ya vijisanamu vya michezo ya vita vya mezani), vyenye chapa ya mwaka 1988. Vimo kwenye maboksi ndani ya kabati la mbao. Tangu masika vimeota unga mweupe. Nimevisugua kwa siki vikatakata, lakini baada ya wiki tatu unga umerudi. Nifanyeje?
Msomaji, Mkunazini, Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Huo si ukungu. Citadel wa miaka hiyo wana risasi ndani yao, yaani madini ya lead, si risasi ya bunduki. Iliachwa mwaka 1997. Mbao na kadibodi hutoa mvuke wa asidi, ileile iliyomo kwenye siki. Mvuke huo pamoja na unyevu wa kwetu huila risasi na kuigeuza unga. Siki uliyotumia iliondoa unga, lakini ikabaki kwenye mikunjo ya nguo na silaha, kazi ikaanza upya.

Kwa hiyo watoe kabatini leo, hata kabla ya kuwasafisha. Usikwangue unga mkavu, vumbi lake ni sumu. Watoto wakae mbali. Vaa glovu, lowesha kwa maji yenye tone la sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani (utupe baadaye), suuza mara tatu. Futa, kisha waache mbele ya feni siku nzima, maana maji hujificha chini ya mkoba wa mgongoni. Vishimo vilivyokwisha kuliwa havirudi. Vijaze kwa gundi ya epoksi.

Paka praima (rangi ya msingi ya kutangulia) pande zote, pamoja na nyayo na kile kipande kinachoingia kwenye kitako. Wengi hukisahau, na unga huanzia hapo. Mvua ikinyesha tumia praima ya brashi. Ya kupuliza hukauka na chembechembe na ukungu mweupe. Wahifadhi kwenye rafu ya chuma na kioo, au kopo la plastiki lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Fundi akikutengenezea kabati la kioo, akatae silikoni inayonuka siki.

SWALI: Nimenunua askari waliotumika, wengine wa plastiki, wengine wa madini, rangi imewajaa hadi nyuso hazionekani. Asetoni inafaa?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Kwa wa madini, ndiyo. Wa plastiki watayeyuka mbele ya macho yako. Hao watie kwenye chupa ya kioo yenye Dettol isiyochanganywa na maji, uifunge, uwaache saa 24. Sugua kwa mswaki, kisha suuza kwanza kwa Dettol safi. Ukitangulia kutia maji, rangi hugeuka ulimbo na kunasa kila mahali. Maji ya sabuni yaje mwisho. Vaa glovu na ufungue madirisha. Rangi ikibaki kwenye macho, rejea kuwalowesha usiku mwengine. Ukichokoa kwa sindano utaharibu uso, na nyuso za zamani ndizo uzuri wenyewe wa askari hawa.