Barua kwa mwanangu aliye Doha

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imetufikia, na mama yako ameiweka ndani ya Biblia yake, mahali anapoweka barua zenu zote. Umeniuliza jambo moja, na umeliuliza kwa adabu: je, baba, wewe unamhisi Mungu kweli, au unasali kwa mazoea tu? Unasema kwamba kila Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko, unapanda basi hadi kwenye lile eneo la makanisa nje ya mji, unapita ukaguzi wa walinzi, unaingia katika Kanisa la Mama Yetu wa Rozari ambalo kwa nje halina msalaba wala kengele, unasali Misa katikati ya maelfu ya watu wa Ufilipino na Uhindi na nchi nyingine, kisha unarudi chumbani na moyo mkavu vilevile. Unauliza kama si afadhali ubaki chumbani na Zaburi zako, kwa kuwa huko angalau kuna utulivu, na Mungu yupo kila mahali.

Nitalijibu swali lako, lakini niruhusu kwanza nikuulize la kwangu: kati ya maelfu hao, ni nani angejua kama Ijumaa moja hukuja? Katika barua nzima sijaona jina hata moja la mtu. Umeniandikia juu ya viti, viyoyozi na urefu wa foleni, na juu ya moyo wako. Wewe unajua ninachoamini, kwa sababu umenisikia nikikisema mezani tangu ukiwa mdogo, na kaka yako alikuwa akinimalizia sentensi: Mungu hutufikia kwa miguu ya watu. Sijaona sababu ya kuacha kulisema.

Unakikumbuka kile kikanisa kidogo cha Wareno kilicho karibu na bahari, chenye paa la makuti na makaburi uani, ambako nilikuwa nikiwapeleka Jumapili jioni. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alishuka hapa Malindi akiwa safarini kwenda Goa, akamzika mtu mmoja aliyefia merikebuni. Katika barua aliyoiandika alipofika Goa mwaka huohuo anasimulia kwamba Mwislamu mmoja, mtu mwenye heshima kubwa mjini, alimuuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu na kama wao husali kwa bidii, kwa maana hapa kwao, alisema, ibada ilikuwa imepoa: katika misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa na watu, nao wachache. Walizungumza juu ya sababu za jambo hilo na hawakuafikiana. Leo misikiti ya mji wetu inajaa, na adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha mimi nisali sala yangu ya asubuhi. Lakini swali la mtu yule hunirudia kila ninapopita pale, kwa kuwa hakuuliza kama watu wanahisi kitu. Aliuliza kama wanakuja.

Sasa nikueleze ya mkorosho, ambayo unayajua kwa upande wa watoto tu.

Jirani yetu wa upande wa kisima, ambaye sitamtaja jina ingawa unamjua vizuri, alikuwa mwenzetu katika jumuiya ndogo ya Kikristo ya hapa mtaani. Mkorosho uliokuwa mpakani ulikuwa chanzo cha maneno kati yake na mimi kwa muda mrefu, kwanza juu ya korosho zenyewe, kisha juu ya tawi alilolikata bila kuniambia, kisha juu ya mpaka wote hadi barabarani, na unajua jinsi habari za ardhi zilivyo hapa pwani, ambako watu wanaweza kuishi mahali kwa vizazi vitatu bila hati mkononi. Tulifikia hali ya kutosalimiana. Nyinyi watoto mlicheza pamoja. Sisi wakubwa tulipishana njiani kila mtu akitazama chini.

Jumuiya, hata hivyo, ina utaratibu wake. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikubaliana kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndiyo iwe kazi ya kutangulizwa, na matokeo yake kwetu sisi watu wa kawaida yalikuwa haya: sala ilitoka kanisani ikaja sebuleni. Kila wiki nyumba moja hupokea wengine, kwa zamu, na hakuna nyumba inayorukwa. Mimi nilikuwa katibu. Zamu ilipofika kwa jirani, katibu alilazimika kwenda na daftari lake, kuita majina na kukaa kwenye kiti cha mtu asiyemsalimu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño zilizokata barabara na kuozesha kila kitu. Tulifuata hatua saba za kushirikishana Injili, zile zilizotungwa na Taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, ambazo wewe mwenyewe ulizikariri kabla ya Kipaimara: tukamwalika Bwana, tukasoma, tukarudia maneno yaliyotugusa, tukakaa kimya. Somo lilikuwa la Mathayo sura ya tano. Ilipofika hatua ya kurudia maneno, jirani alisoma kwa sauti, polepole: “Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako.” Akaishia hapo. Kisha akarudia nusu ya mwisho, akinitazama mimi: “ndugu yako ana neno juu yako.” Kila mtu alielewa. Mbele ya watoto wake na wangu, chini ya paa lake mwenyewe ambapo sikuweza kumjibu, alikuwa amelitumia Neno la Mungu kunishtaki. Ninapoandika sasa bado nahisi joto likinipanda masikioni. Ule ukimya uliofuata, ambao vitabu vinasema ni ukimya wa kumsikiliza Mungu, mimi niliutumia kupanga maneno ya kumrudishia.

Sikupata nafasi. Hatua ya sita, kama unavyokumbuka, ni ya kuamua la kufanya: jumuiya inajiuliza imeitwa kwenye kazi gani wiki hiyo. Bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu, alizungumza kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. Alisema, “Wanangu, paa la yule mjane wa kule nyuma linavuja tangu mvua zianze, na hapa ndani ninaona mikono minne isiyo na kazi.” Akatutaja sisi wawili. Watu wote wakasema amina, na mwenyekiti akaniambia niandike. Nikaandika jina la jirani na langu katika mstari mmoja.

Wewe ulikuwepo Jumamosi ile. Ndiwe uliyetuletea maji ya kunywa. Kuezeka makuti si kazi ya mtu mmoja. Aliye juu hukaa kwenye boriti na kufunga, akianzia chini ukingoni na kupanda, akibananisha makuti ili paa lidumu, na mikono yake yote miwili huwa kwenye kamba. Hawezi kushuka kila mara kuchukua kuti lingine. Aliye chini humtwika. Yeye alikuwa juu kwa sababu alikuwa mwepesi, mimi nikawa chini. Asubuhi yote nilimpandishia makuti bila neno, na yeye akayapokea bila neno, mpaka kamba ilipomwishia akiwa katikati ya fundo, ameshika kuti kwa goti. Akasema, “Nipe.” Nikampa. Baadaye kidogo mimi nikamwambia, “Hilo umelibana vibaya, litapitisha maji,” akalifungua akalifunga upya. Kufikia adhuhuri tulikuwa tunabishana juu ya umbali kati ya fito na fito, na mjane wa watu akatoka nje kusikiliza akidhani ni ugomvi, kumbe tulikuwa tunazungumza. Ee mwanangu, furaha niliyokuwa nayo nikishuka njia ile jioni, mabega yakiuma na makapi ya makuti yakiniwasha shingoni, sijaipata tena katika Misa yoyote, hata siku ile kubwa ya mwaka 2000 tulipopewa jimbo letu wenyewe la Malindi.

Lakini nikuambie ukweli, kwa kuwa ndilo ulilouliza: wakati wa kazi ile sikumhisi Mungu hata kidogo. Nilihisi jua. Ni usiku, nilipolala, ndipo yalinijia maneno ya Yakobo alipoamka kule Betheli: “Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua.” Yakobo hakusema kwamba alimhisi, alisema kwamba hakujua. Wengi wetu humtambua Mungu akiwa ameshapita, na alama zake ni kwamba mtu fulani sasa anakusalimu.

Hatukumaliza habari ya mkorosho. Mpaka leo naamini ulikuwa wa kwetu, na sina shaka kwamba yeye anaamini ulikuwa wa kwao. Kiwanda cha korosho kule Kilifi kilifungwa, bei ikaanguka, na mti wenyewe ukazeeka. Tunasalimiana kila siku.

Najua utakachosema, maana hata mimi hujiambia. Utasema kwamba Eliya alikuwa peke yake mlimani Horebu, na kwamba Bwana Yesu mwenyewe alijitenga kwenda kusali. Ni kweli, na siwezi kuyafuta. Nitakujibu kwamba ile sauti ndogo ya utulivu haikumwacha Eliya pangoni: ilimwambia arudi, ikamjulisha kwamba wapo watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, ikampa Elisha. Hapo ninaona nimeshinda hoja. Kisha namwangalia mama yako, nami naona sijashinda. Yeye huamka kabla yangu, hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi na kusali kwa sauti ya chini, akimtajia Mungu majina yenu kwa mpangilio wa kuzaliwa, na anapoinuka uso wake ni wa mtu aliyekuwa na mgeni. Hakuna jumuiya pale jikoni. Nilipomwambia kwamba Mungu hutufikia kwa miguu ya watu, alinijibu kwamba kwake huja kabla watu hawajaamka. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi na bado nalipinga, ingawa naona kwamba orodha ya majina ile nayo ni watu.

Kwa hiyo sina budi kujizuia. Kalamu yangu inataka kukuamuru uendelee na basi la Ijumaa, tena imeshaandika amri hiyo mara moja nikaikata. Wewe ni mtu mzima, unafanya kazi ya zamu, unarudi miguu imevimba, na sipo huko kuona jinsi chumba kinavyokuwa kimya ukisoma Zaburi. Huenda Mungu anakukuta hapo kama anavyomkuta mama yako. Sitasema ndiyo wala hapana. Nitasema tu kwamba lile eneo lililojaa watu wa mataifa haliwezi kukuhisisha kitu kwa wingi wake, na kwamba sisi hapa hatukuwahi kujuana katika Misa ya Jumapili; tulijuana Alhamisi, watu kumi na tano katika sebule ya mtu, wengine wamekaa kwenye mkeka, mtoto wa mtu analia, na daftari linapita. Uliwahi kuniandikia, kabla ya Pasaka, juu ya wasichana wawili kutoka Kilifi mnaosafiri nao basi moja. Hukuwataja tena. Je, bado wapo? Wanaitwa nani, na mama zao ni akina nani? Chumba chenu kinatosha watu watatu na Biblia moja, nami ninaweza kukunakilia zile hatua saba kama umezisahau.

Alhamisi hii jumuiya ni kwetu. Mama yako ameshaazima viti kwa jirani wa upande wa kisima, naye ameahidi kuvileta mwenyewe. Katika nia za maombi watauliza habari zako, kama wanavyouliza kila tunapokutana, na mimi ndiye ninayeandika. Nitumie yale majina mawili kabla ya siku hiyo, ili nisome matatu.

Baba yako